Kidari cha Fahali wa Kidawa

Kidawa wa Utende alikuwa mjane, msusi wa mikeka, na mali yake ya maana ilikuwa fahali mmoja. Mwaka wa pili tangu Mdachi atweke bendera yake Chole, alimtoa fahali huyo sadaka ili kijiji kichimbe kisima. Mkaza mwanawe, Arafa, alikuwa ameharibu mimba mbili kwa kubeba mitungi ya maji kutoka Kiegeani, kijiji cha mbali, na sasa alikuwa na ya tatu, miezi mitano. Kidawa alitaka hii ifike, basi.

Mila ya pale, jembe haligusi ardhi ya kisima kabla sadaka haijaliwa. Na sadaka haikuliwa. Kisa nini? Kidari! Jumbe Mbaraka alisema kidari ni haki ya jumbe tangu enzi za babu yake. Mwalimu Muhsin, msomesha Kurani, akasema nyama ya dua kidari chake ni cha msoma dua. Watu wazima na ndevu zao! Walikutana Ijumaa tatu, wakala tende, wakanywa kahawa, wakaahirisha. Kidawa akiwaamkia, waliitikia marahaba kwa pua na kupita zao.

Ijumaa ya nne Arafa alirudi na mtungi, ameshika kiuno, ametota jasho.

"Mama, leo nimekaa chini njiani mara tatu."

Kidawa alipandwa na hasira. Akaenda kwa kaka yake, Kombo.

"Kaka, nichinjie fahali wangu."

"Na wakubwa je?"

"Waache na kahawa yao. Wewe soma bismillahi, chinja."

Asubuhi Kombo akachinja. Kidawa akatangaza kwamba mwenye jembe mkononi ndiye atakayekula. Loo! Majembe yalitoka hata kwa wavivu waliojulikana kijiji kizima. Kidari kikaliwa na wachimbaji, na siku ya sita maji yakatoka, matamu.

Hapo sasa wakubwa wakaja kubariki, kila mmoja na kilemba kipya.

"Shikamooni," alisema Kidawa. "Dua tumeshaomba wenyewe. Ila Arafa hawezi kuinama. Kata ya maji ile pale, na mtungi ule. Mmoja wenu amchotee."

Jumbe akamtazama mwalimu, mwalimu akamtazama jumbe. Nani ainame mbele ya mwenzake? Wakasimama vile vile, jua likiwachoma.

Kidawa akachota mwenyewe, akajitwika.

"Haya, nipisheni, wazee. Mkwe wangu ana kiu."