Cherehani ya Dada

Usimwone fundi viatu anavyoshona soli kwa mkono uliotulia ukadhani na moyo umetulia. Hata kidogo. Miezi mitano ya kunywa methadoni ilikuwa imemwondolea arosto: mifupa haimuumi, jasho la baridi limekata, usingizi umerudi. Lakini unga, ile heroini, ulipomtoka kichwani, hofu nayo ikapata pa kukaa.

Hofu yenyewe ilikuwa moja. Siku za uteja wake, cherehani ya dada yake ilipotea mle mle nyumbani. Dada ni mshona nguo, na kwa cherehani hiyo alikuwa akiwalisha wanawe na huyu ndugu yake. Akamshuku mumewe, kwa kuwa alipenda kamari. Wakarushiana maneno hadi mume akafungasha akaondoka. Mwizi alikuwa amekaa sebuleni palepale, anampa dada pole.

"Dawa imeshika mwili," mshauri wa kituo cha methadoni alimwambia kwenye kikao cha Jumatatu, maana pale bila kikao dawa hupewi. "Hilo unaloficha ndilo litakalokurudisha kijiweni. Mwambie dada yako."

"Atanifukuza. Na nikilala nje, unga nitaurudia tu."

"Huenda. Na ukinyamaza je?"

Siku nne zikapita. Kila dada alipomwita "mdogo wangu," aliinamia soli akaongeza mshono. Mficha maradhi kifo humuumbua, hilo alilijua, lakini ulimi ulikuwa mzito.

Ijumaa dada akamsindikiza hadi dirisha la dawa. Muuguzi akampa kikombe, akanywa, akashushia maji. Ukishameza pale sharti useme neno, maana wapo mabingwa wa kuificha dawa shavuni wakaiuze nje. Yeye kila siku husema, "Nimemeza, sista," akaenda zake.

"Haya, sema nikusikie," muuguzi akamwambia.

Akaweka kikombe dirishani. Akamgeukia dada yake.

"Cherehani niliuza mimi. Shemeji hakuigusa."

Dada hakulia wala hakumpiga kofi, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Alifungua mkoba, akatoa simu, akatafuta namba ambayo hakuwa ameipiga kwa miaka miwili. Simu ilipoanza kuita, akamwekea ndugu yake sikioni.

"Rudia," alisema. "Mwambie mwenyewe."

"Haloo?" ilisema sauti ya shemeji. "Mama watoto, ni wewe?"