Kalamu Nene ya Mkulo

Kiwanda cha mbao kilipofungwa tukarudishwa nyumbani, nilikwenda kujifunza kukereza mti katika karakana ya usharika wetu, juu kidogo ya mji wa Lushoto. Mgeni mmoja aliyewahi kufundisha pale alikuwa ameondoka na kutuachia mashine ya kuzungusha mti, pamoja na pakiti tatu za vyuma vya kalamu: ncha, mrija wa shaba, mrija wa wino. Kazi yetu ilikuwa kukereza mwili wa mti tu. Pakiti ya kwanza niliiharibu mimi. Niligandamiza patasi kwa pupa, mti ukapasuka na mrija ukapinda.

Zikabaki mbili, moja ya kalamu nyembamba, nyingine ya kalamu nene yenye kifuniko. Nilizitazama asubuhi nzima.

“Chukua nyembamba,” fundi mkuu aliniambia. “Hiyo nene ina vipande viwili, na lazima vilingane. Mkono wako bado haujatulia.”

“Ni ya baba, mzee. Nyembamba hawezi kuishika.”

Akanisogezea pakiti zote mbili. Watoto wake wote walifundishwa na baba pale shule ya msingi, na alijua kwamba kiharusi kilikuwa kimemlemaza mkono wa kulia. Kalamu za plastiki zilikuwa zimeanza kujaa madukani, zikipandishwa kutoka Mombo kwa maboksi, nami nilimletea za kila rangi. Zote zilimponyoka.

Nikachukua nene.

Nilikereza siku nne. Mti wa mkulo nilioutumia ulinukia karakana nzima kama dawa ya kifua. Safari hii haukupasuka, ila vipande havikulingana sawasawa. Ukipitisha kidole pale katikati, unahisi kingo.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba.”

Aliipokea kalamu akiwa ameketi kitandani, kwa mkono wa kushoto, akainusa, akaipachika kwenye ule wa kulia na kuvikunja vidole kimoja kimoja. Haikuanguka. Nikamwekea daftari mapajani.

Alivuta mstari mmoja. Ukateremka hadi ukingoni mwa karatasi, ukaingia kwenye shuka. Akajaribu tena, nikajua anatafuta herufi ya kwanza ya jina lake. Haikutokea.

“Kalamu nzuri,” alisema, maneno yakimkwama. “Kosa si lake.”

Hakuiomba tena. Miezi michache baadaye karakana nayo ilifungwa, mashine ikapakiwa kwenye lori, nami nikaanza kulima kabichi kwenye mashamba ya watu. Barua za baba kwa wanafunzi wake wa zamani nikawa naziandika mimi. Alinitajia neno mojamoja, na mara nyingi alisahau alichotaka kusema kabla sijafika mwisho wa mstari. Tulikaa hivyo, mimi nikimsubiri, yeye akitazama dirishani.