Iwale na Wala

Harufu ya vumbi la jiwe lililomwagiwa maji hunirudisha kwenye nyumba moja ya Area 23, Lilongwe, nikiwa na miaka tisa na kiburi kisicho na kipimo. Vita vilikuwa vimetutoa Bukavu, tukawa watu wa Dzaleka, kambi ya wakimbizi. Baba, fundi wa mawe, alikaa mwaka mzima bila kushika tindo. Alipopata kazi ya kujenga ngazi za mlangoni kwa mama mmoja mjane, alinichukua niwe mkalimani, maana nilikuwa nasoma Kichewa shuleni, na nyumbani nilikitangaza kuliko nilivyokijua.

Baba aliandaa vipande viwili vya jiwe. Kimoja alikisugua mpaka unaona meno yako. Kingine alikigongagonga kwa ncha ya tindo kikabaki na vipele kama ganda la chungwa. Nikamuuliza mama yule kama anataka kile cha kung'aa. Alikuwa jikoni akisonga nsima, akajibu bila kutoka, "Iwale, iwale." Yaani ing'ae. Mimi, mdomo umejaa mandasi, nikasikia "wala" yetu ya kukataa kabisa, nikamwambia baba anataka kile cha vipele.

"Njo vile alisema?" baba aliuliza. Nikaapa.

Siku ya tatu ngazi zilikamilika, na mwenye nyumba akauliza mng'ao uko wapi. Nilijua akitufukuza, baba atarudi kukaa bure kambini, na sababu ni mimi. Baba akaomba radhi kwa Kichewa chake cha sokoni, akasema yeye ndiye aliyesikia vibaya. Yule mjane akataka mawe yote yang'olewe.

Wakati huohuo mvua ikamwagika, na mama mzazi wa mjane yule, mzee sana, akarudi kutoka kanisani, fimbo mkononi. Siku zote alikuwa akishikwa mkono mlangoni pale. Akakanyaga jiwe lililolowa, akajaribu uzito wake, mguu haukuteleza, akapanda mwenyewe mpaka juu. Mwanawe akamshukuru baba, "Zikomo, fundi. Na mlango wa nyuma ufanye vilevile." Nililia kwa raha, sikuona haya.

Mwaka jana nilimuuliza baba kama kweli hakujua neno lile.

"Iwale? Nilijua tangu wiki ya kwanza ya kambini," alisema. "Lakini nilikuwa nimeona ule muzee na fimbo yake. Nikasema, acha mutoto akosee."

Miaka yote nilimshukuru kwa kulibeba kosa langu. Sikujua kwamba alikuwa amelihitaji.