Goli Lililochelewa Kufika Mlimani

Mume wangu hajui kukaa. Tangu anioe sijawahi kumwona akimaliza kikombe cha chai kwenye kiti kilekile alichoanzia. Daktari aliposema mzee apumzishe mguu, mimi ndiye niliyeshtuka. Yeye alicheka tu, akauliza kama anaruhusiwa kupumzika akiwa anatembea.

Ana kisukari, na kisigino kilikuwa na kidonda. Kaka yake alianza hivyohivyo, kidonda kidogo tu, akakidharau, na leo anatembelea magongo, mguu mmoja wa suruali umekunjwa gotini. Daktari wetu hakuzunguka. Kidonda kikifunguka tena, alisema, mguu utakatwa. Asikanyage mawe, asishuke mlima. Haya, na sisi tunakaa wapi? Mlimani, Mwanza hii, nyumba juu ya mawe na njia yenyewe mawe. Ukitaka kiberiti unashuka mawe. Na chini kabisa ya njia yetu kuna kibanda umiza, banda la mabati lenye mabenchi na televisheni kubwa, ambamo wanaume wanabanana kuangalia mpira. Timu yake ikicheza, huko ndiko anakokuwa.

Haikupita wiki akatoroka. Nilirudi kutoka dukani nikamkuta katikati ya njia, amekaa juu ya jiwe, bendeji imelowa damu. Kwa hasira mfuko wa nyanya ukanidondoka.

"Unakwenda wapi?"

"Kupunga upepo."

"Upepo wa kibandani?"

Akanyoosha mkono nimnyanyue. Nilimpandisha akiwa ameniegemea bega, tukipumzika kila baada ya hatua chache.

Mimi nauza vitenge mjini, pale Nyamagana karibu na soko. Jirani yangu wa meza ni dada anayeuza na kutengeneza simu, nikamwambia masaibu yangu. Akashangaa. Mama, siku hizi mpira si unaangaliwa mtandaoni? Unalipia kwa mwezi, unaweka programu kwenye simu au televisheni, basi. Mimi na simu tulikuwa tunajuana kwa kupiga na kupokea. Akaanza kwa kunifungulia barua pepe, kitu ambacho sikuwahi kuwa nacho, maana nani angeniandikia? Halafu neno la siri. Chagua neno usilolisahau, akasema, na usimpe mtu. Nikaitikia sawa kama mtoto wa darasa la kwanza.

Nyumbani niliwasha simu igawe intaneti kwa televisheni, kama alivyonielekeza. Ikakubali! Mzee akaweka mguu juu ya stuli, mimi nikaleta karanga. Kabla ya mapumziko, bando limekwisha, kiduara kinazunguka tu. Kesho yake yule dada alicheka mpaka akashika meza. Nilikuwa nimeacha picha kwenye ubora wa juu kabisa, na ubora wa juu unakula bando vibaya sana. Akanifundisha kuushusha. Nyuso za wachezaji zikawa na ukungu kidogo, lakini walikimbia, na mzee alitulia. Nikadhani nimeshinda.

Thubutu. Mechi iliyofuata, kipa wa timu yake ndiyo kwanza ameudaka mpira, anawapungia wenzake mkono wapande, mara kule chini kibandani pakalipuka: "Goooli!" Mlima mzima ulisikia. Mzee akanitazama.

"Wanashangilia nini?"

Tukakodoa macho. Kipa akaupiga mpira mbele, ukapokelewa, ukapita huku, ukapita kule, na mwisho goli likaja. Kibandani wanatumia dishi. Sisi wa mtandaoni mpira unatufikia umechelewa, na hilo nilikuwa sijaambiwa.

"Yaani mimi nakula makombo," akasema mzee.

Tangu siku hiyo mpira ukawa adhabu ndani ya nyumba. Aliziba masikio kwa pamba. Alifunga madirisha, joto lile, tukatota jasho wote wawili. Wakikaa kimya kule chini, anauliza mbona kimya. Wakipiga kelele, ananyanyuka nusu, mimi namkemea, anakaa, ananyanyuka tena. Mimi mwenyewe sikuweza hata kukunja kitenge kikakunjika. Nikikaa nasimama, nikisimama naenda kuchungulia bendeji, nikitoka uani natega sikio. Hatukuwa na raha, wallahi, na kidonda kilikuwa ndiyo kwanza kinaanza kukauka pembeni.

Katikati ya hayo akaja wifi yangu kutoka Kisesa kumjulia hali kaka yake. Alikuja na kuku na viazi vitamu, akaingia jikoni akanipikia, akafua mpaka mashuka. Akaiona ile programu, akaipenda, akaniomba neno la siri. Sasa niambie wewe, unamnyimaje dada wa mume, ndani ya nyumba ya kaka yake, mikono yake bado ina sabuni ya mashuka yako? Nikampa. Yeye akampa binti yake, binti akawapa wakwe. Waliofuata siwajui.

Ukarimu huo niliujutia siku ya fainali. Wachezaji wanaingia uwanjani, mzee amekaa, mguu juu, pamba masikioni, na televisheni ikaandika kwamba akaunti yetu inatumika kwenye vifaa vingi mno. Nikazima, nikawasha. Maneno yaleyale. Nikapiga Kisesa.

"Wifi, zima hiyo kitu, kaka yako anataka mpira!"

"Mimi nimezima zamani. Labda wakwe."

"Wapigie basi hao wakwe!"

"Hawapokei. Watakuwa wanaangalia tamthilia."

Nilipogeuka, mzee alikuwa mlangoni na fimbo yake. Kiatu kimoja kavaa, mguu wenye bendeji uko kwenye ndala. Nikamziba njia.

"Pisha, mama."

"Sipishi."

"Mpira unaanza."

"Uanze! Utashuka mawe yale na kisigino hicho? Naogopa, unanisikia? Naogopa watakukata. Nikilala namwona kaka yako na ile suruali yake. Hukuniuliza hata siku moja kama nalala."

Sikuwahi kumwambia hivyo. Akaiegemea fimbo.

"Na mimi," akasema taratibu, "kila wakipiga kelele kule chini, najiona nimeshazikwa."

Hilo nalo sikuwahi kulisikia kutoka kwake. Kibandani wakaanza kupiga makofi, na nikaona mguu wake unajongea wenyewe. Sijui nini kilinijia. Nikajifunga kanga kiunoni, nikamwekea mkononi kitochi chake, kile kisimu cha vitufe.

"Kaa kwenye kiti. Nashuka mimi. Nitakupigia, nitakwambia kila kitu."

"Wewe? Wewe mpira unaujulia wapi?"

"Kaa!"

Nilishuka yale mawe nikiwa natukana wakwe wa Kisesa mmoja mmoja. Kibandani nilikuwa mwanamke peke yangu. Wakageuka, vijana wakasema shikamoo mama, mmoja akasogea nikapata kona ya benchi. Mzee anaendeleaje? Nikawaonyesha simu sikioni. "Yuko hapa."

"Sema," mzee akaniambia.

"Yule mrefu anao. Kampa mwenye kipara."

"Kipara yupi? Wa kwetu au wa kwao?"

"Wa kwetu. Hapana, ngoja. Wa kwao."

"Yaa Allah. Anaelekea wapi?"

"Huku kwenye mlango."

"Kwa nani?"

"Kwenye mlango wa banda hili, mimi nitajuaje!"

Benchi likaangua kicheko. Jirani yangu akawa ananinong'oneza, huyu beki, ile kona, na mimi nampelekea mzee hivyohivyo, maneno mengine nusu. Alinisahihisha, alinifokea, alicheka. Sauti yake ilikuwa imerudi. Mara mwenye kipara akapokonywa, kijana wa kwetu akatoka nao mbio, nikasahau kusema, nikapiga yowe tu, na mpira ukaingia. Banda zima likaruka. Na ndani ya kelele ile, kwenye simu, nikasikia kiti kinaburuzwa sakafuni na fimbo inaanguka.

"Mzee! Umesimama?"

Ndala ikakwaruza sakafu.

"Kaa chini!" nikapayuka. "Nasema kaa chini!"

Wanaume waliokuwa karibu wakadhani nawaambia wao. Benchi zima likakaa. Nikabaki nimesimama mimi, machozi yananitoka mbele ya watu wazima, nimeibana simu sikioni kwa mikono miwili.

"Mzee?"

"Nimekaa," akasema, akihema. "Bendeji kavu, mke wangu, nimeipapasa. Usilie. Mguu nimeushika hapa, hauendi popote. Haya niambie, mpira uko wapi?"