Moshi wa Kupimia Upepo

Harufu ya salfa haitoki upesi. Hukaa chini ya kucha na kwenye shuka, mfano wa njiti ya kiberiti iliyozimwa sasa hivi, na kila kipupwe kilipoingia Newala nyumba yetu nzima ilinuka hivyo. Mwaka ule ubwiri unga ulikuwa umeanza kuyapaka maua ya mikorosho unga mweupe, na maua yakiungua hakuna korosho. Tulikuwa na mfuko mmoja tu wa salfa, dawa ya vumbi ya ubwiri, na dada yangu Somoe alijua kwamba ada ya kurudi kwake bweni ilitegemea maua yale. Alfajiri, umande ukiwa bado majanini, Baba alibeba mashine ya kupulizia mgongoni, nami nikawasha majani makavu ya mkorosho ili tuone hewa inaelekea wapi. Moshi ukisimama wima, anapuliza. Ukiinama, tunasubiri. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, na niliiogopa kuliko mtihani.

Asubuhi ile moshi ulisimama. Angalau nadhani ulisimama. Hadi leo najiuliza kama haukuwa umeinama kidogo. Mashine iliponguruma tu, upepo ukapanda kutoka bonde la Ruvuma, na wingu la njano likainuka, likajikunja juu ya miti yetu, likavuka mpaka wa shamba na kutua polepole kwa jirani yetu, Mama Rajabu. Baba akazima mashine. Mfuko ulikuwa umebaki chini ya nusu. Mama Rajabu akatokea na ndoo kichwani, vumbi la njano hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo, Mama Rajabu," nikasema kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Baba Somoe, umenipaka poda asubuhi yote hii, unaniozesha kwa nani?"

Baba alicheka bila kutaka. Mama yetu hakucheka, alikuwa akimtazama Somoe. "Leo kwangu, kesho kwako," Mama Rajabu akaongeza, nasi tukadhani ni utani wake. Lakini alipopata salfa yake aliniita nimwashie majani, akangoja mpaka moshi ukainamia kwetu, ndipo akapuliza mistari ya mpakani. Maua yetu yalishika korosho. Somoe akarudi shule. Hisani haiozi.

Sasa nimemaliza chuo, nimerudi nyumbani kungoja kazi. Juzi niliona kwenye simu video ya hewa ya ukaa ikizunguka dunia, imetiwa rangi ili ionekane, ikijikunja na kuvuka mipaka kama lile wingu letu. Niliirudia mara nyingi nikitafuta inapotua, nikiwaza upi ni moshi wa mashamba yetu na upi ni wa viwanda nisivyovijua. Nikamwonyesha Baba.

"Inaangukia kwa nani?" akauliza.

"Nyingine hunywewa na miti na bahari, Baba. Nyingine inabaki juu, ya wote."

Akanirudishia simu. "Basi huko hakuna Mama Rajabu."

Kesho yake niliwasha majani kama zamani. Moshi ukasimama wima, Baba akapuliza. Baadaye nilinusa vidole vyangu: salfa ilikuwepo. Ile hewa ya ukaa nayo ilikuwepo, bila rangi, bila harufu yoyote.