Dakika Ishirini za Mzee Kasian

Pale Ilula, ukiuliza nani huandika historia za marehemu, utaonyeshwa nyumba ya Mzee Kasian, nyuma ya meza za nyanya za barabara kuu. Alikuwa karani kwenye kiwanda cha karatasi Mgololo kwa miaka ishirini na saba. Alipostaafu alirudi na mkewe Bertha na kompyuta moja ya mezani. Bertha alifariki miaka sita iliyopita. Kompyuta ikabaki, nayo imezeeka.

Kwa Wakristo wa pale, mtu hazikwi mpaka historia yake fupi isomwe: alizaliwa lini, alisoma wapi, aliugua nini, ameacha watoto wangapi. Msiba ukitokea, ukoo humtuma mtu kwa Kasian na kikaratasi. Kasian alikuwa akibonyeza swichi, kompyuta ikaanza kuguna, na kwa dakika ishirini kukawa hakuna la kufanya ila kusubiri. Ndipo chai ya tangawizi ilipochemshwa. Mjumbe aliketi, akapuliza kikombe, na mdomo ukafunguka. Marehemu alikuwa hodari wa kupiga mluzi. Marehemu aliwahi kulala juu ya mti siku mbili kwa kuogopa nguruwe pori. Kikaratasi kilikuja na mistari sita, historia ikatoka ukurasa mzima, na watu makaburini wakacheka huku wanalia.

Sisemi kwamba mzee aliombea watu wafe. Ila hakuwa na mtu mwingine wa kunywa naye chai. Mwanawe Jofrey yuko Mwanza, hupiga simu Krismasi na Pasaka, na si simu ndefu. Siku zisizo na msiba Kasian alisonga ugali wa mtu mmoja, akala akitazama mabasi yakipita, akaosha sahani moja. Upweke ulimuuma, na hakumwambia mtu, maana wa kumwambia ndiye aliyekuwa amezikwa.

Mwezi wa tano watu wakaanza kunung'unika. Mmoja akamwambia mbele ya wenzake, "Mzee, jeneza liko njiani, na hii mashine yako bado inajikuna." Kasian akaona aibu. Kesho yake aliitia kompyuta kwenye tenga la nyanya, akaifunika kwa khanga ya Bertha, akaipeleka Iringa mjini kwa fundi Mrisho.

Mrisho aliifungua ubavuni, akapuliza vumbi. "Mzee wangu, mashine nzima kabisa. Kinachokuchelewesha ni hii diski. Ndani ina sahani inayozunguka, na imechoka. Tunaweka SSD, haina kinachozunguka, halafu nakuhamishia mafaili yote."

"Na marehemu wangu?"

Mrisho akaacha bisibisi.

"Mafaili ya marehemu," Kasian akaeleza. "Wako mia nne na kumi na mmoja."

"Hapotei hata mmoja, mzee."

Na kweli hakupotea. Nyumbani Kasian alibonyeza swichi, akainama kuwasha jiko la mkaa. Alipoinuka, kompyuta ilikuwa tayari inamsubiri. Mzee akacheka mwenyewe, akajiona kijana. Masikini, hakujua alichokiacha mezani kwa fundi.

Msiba wa kwanza baada ya hapo ulikuwa wa Mzee Yotamu. Alikuja mwanawe Clement na kikaratasi, akasalimu kwa Kihehe akiwa amesimama mlangoni. "Kamwene, baba. Nimesikia siku hizi mashine yako inawahi."

Iliwahi. Kasian aliandika kama kikaratasi kilivyosema, akachapa, akakabidhi. Clement alishukuru na kuondoka hata maji hayajachemka. Mzee akatengeneza chai vilevile, akanywa vikombe viwili, cha kwake na cha mgeni.

Siku ya maziko msomaji akasoma: "Marehemu ameacha watoto watano." Ng'ambo ya kaburi mwanamke mmoja akainua kichwa. Alikuwa Severina, muuza nyanya, mtoto ambaye Yotamu alimzaa kabla ya ndoa. Ndiye aliyemuuguza miaka miwili, akimwogesha na kumlisha kwa mkono wake. Ilula nzima ilimjua. Kasian naye alimjua, alinunua nyanya kwake. Kikaratasi kiliandikwa mbio mbio katika pilikapilika za msiba, na zamani kosa kama hilo lingekamatwa kwenye kikombe cha kwanza, mtu angesema tu, "Na Severina je?" Safari hii hakuna aliyeketi. Kasian alivua kofia, akashindwa kumtazama yule mama.

Jumatatu Severina akabisha hodi.

"Kamwene, baba."

"Kamwene, mwanangu. Mimi ndiye niliyekukosea."

"Sikuja kugomba. Naomba nakala moja yenye jina langu. Nikaiweke tu ndani."

Ilikuwa kazi ya dakika mbili. Kasian aliushika waya wa umeme, akasita, akauachia. "Keti kwanza," alisema. "Mashine yangu inachelewa kuwaka."

Akabandika sufuria. Severina aliketi kwa kujibana, kisha kikombe kikampasha mikono, akaanza. Alisimulia jinsi baba yake, miezi ile ya mwisho, alivyokataa kula mpaka aletewe nyanya mbichi yenye chumvi. Jinsi alivyompigia mluzi usiku badala ya kumwita, kwa sababu sauti ilikuwa imemwisha. Kasian aliandika nyuma ya bahasha. Naye, bila kuulizwa, akajikuta anasimulia habari za Bertha, ambazo hakuwa amezisema kwa sauti tangu azikwe. Aliona chai ya mgeni ikipungua. Aliogopa atabaki tena na sahani yake moja.

"Bado haijawaka, baba?"

"Bado kidogo."

Severina akaigeukia kompyuta. Haikuwa na taa. Waya wake ulilala sakafuni, mbali na ukuta. Aliutazama ule waya, kisha akamtazama mzee, ambaye alikuwa ameinamisha uso kwenye kikombe.

Akasogeza kikombe chake mbele.

"Basi niongeze," alisema. "Hata mimi siku hizi hakuna anayenisubiri nyumbani."