Kikwembe Kati ya Viti Viwili

Wewe unayesoma, unaweza kukaa bega kwa bega na mama mkwe wako? Jibu kwanza, halafu tuendelee. Huku kwetu, kutoka Baraka hadi Fizi, mwanaume akimwona mama mkwe wake njiani hushuka ukingoni na kugeuza uso mpaka mama apite. Hawapeani mkono, hawali pamoja, na wakiwa na neno la kuambiana hulipitisha kwa mtu wa tatu. Si chuki. Ni heshima, na kwa watu wa umri wa Raphaël Mutambo hakuna heshima iliyo kubwa kuliko hiyo.

Raphaël alikuwa jirani yangu Baraka, mtoto wa mvuvi. Alianza juu ya kamyo, lori la kubeba pamba, yeye ndiye wa kuruka chini mlimani na kuweka gogo nyuma ya gurudumu. Baadaye akapewa usukani. Miaka ile ya hamsini kila mwanaume wa Fizi asiye na kazi ya mzungu wala ya Leta, yaani serikali, alipimiwa shamba la pamba, apende asipende. Pamba kwanza, muhogo wa watoto wake baadaye. Asipolima, jela. Mimi nilirudi kutoka koleji ya Bukavu kuwa mwalimu, na vitabu vyangu, na mpaka leo sijaona ndani yake neno moja la kuhalalisha jambo hilo. Baba yake Raphaël aliziacha nyavu kwa ajili ya pamba, akafa hajazirudia. Usukani peke yake ndio uliomtenga mwanawe na jembe lile. Siku atakaponyang'anywa usukani, atapimiwa shamba kama wengine. Hakuhitaji kukumbushwa.

Bwana Nicolas, mzungu mnunuzi wa pamba na mwenye kamyo ile, akaagiza motokari ya mbio. Ilishushwa kutoka botini kwenye ufuko wa Baraka juu ya mbao mbili: nyekundu, haina paa, viti viwili tu, na kapo, kifuniko cha injini, ndefu kuliko sehemu ya watu. Alitaka kuipeleka Usumbura kwenye sikukuu ya mfalme, ambako wazungu wenzake wangeshindana kwa magari yao. Lakini injini mpya haikimbizwi. Vyuma vyake havijajuana bado. Lazima vizoeshwe polepole, safari baada ya safari, na kazi hiyo mashofere wetu huiita rodaje. Bwana Nicolas hakuwa na subira na alijijua. Akamwita Raphaël.

"Sindano ya mbio isipite arobaini," akamwambia. "Na kisaa cha mafuta ya injini, hiki cha katikati, sindano yake ikianguka unazima mara moja. Jicho lako kwa mafuta, Raphaël. Barabara itajiangalia yenyewe."

Basi Raphaël akawa anapanda Fizi na kushuka Baraka kila siku, motokari ya mbio ikienda kama mgonjwa anayepelekwa kwa daktari. Kwenye barabara ile gari linalokwenda polepole ni gari linalotafuta abiria. Watu wakamsimamisha na mikungu ya ndizi, na mifuko ya ndakala, dagaa wakavu, na mbuzi. Akawa anakataa kwa kichwa tu. Wanawake waliorudi shambani walimpita kwa miguu mlimani.

"Eh, Raphaël! Shuka uipe mugongo, imechoka!"

"Mutoto akizaliwa hakimbii," akawajibu.

Asubuhi ya siku ninayoieleza, mvua za kwanza zilikuwa zimelaza vumbi. Chini ya mpando wa Fizi aliwaona wanawake wawili. Mmoja alikuwa Florentine, mke wa katekista, mwenye sauti inayosikika ng'ambo ya mto. Wa pili alikuwa Mama Anastasie, mama wa mke wake Émilienne. Raphaël akasimamisha motokari, akageuza uso porini. Mama Anastasie naye akageukia upande wa pili.

"Mukwe wetu," Florentine akasema, "mama iko na kilio. Kaka yake amekufa Fizi, na banamuzika leo. Mupeleke."

"Muambie mama, pole sana. Lakini viti viko viwili tu. Mi na yeye. Haiwezekani."

"Basi shuka, yeye aendeshe!"

Hakuna aliyecheka. Mama Anastasie, akiutazama mlima, akamwambia Florentine kama vile Raphaël hayupo hatua mbili kutoka kwake: "Muulize kama nitamukuta kaka yangu juu ya udongo ao chini."

Kumwacha mama mkwe njiani siku ya msiba wa kaka yake, hilo nalo lingemfuata Raphaël maisha yote. Florentine akafungua kikwembe, kitenge chake cha juu.

"Mutu na mukwe wake banalala nyumba moja kama ukuta uko katikati," akasema. "Tujenge ukuta."

Akafunga ncha moja kwenye kioo kidogo cha mbele, nyingine nyuma kati ya viti, na kitambaa kikaning'inia mpaka chini. Mama Anastasie akapanda upande wake. Raphaël akahakikisha kwamba hamwoni. Kilikuwa kikwembe kipana, chenye picha za kuku, nacho kilimficha mama vizuri. Kilivificha pia visaa vyote vya katikati.

Florentine alibaki akitembea na kikapu chake. Anasema aliona matone meusi barabarani nyuma ya motokari, akadhani ni maji.

Harufu ilianza katikati ya mpando. Raphaël aliniambia alidhani ni rangi mpya ikiungua, kwa maana injini mpya hunuka. Alitaka kuangalia kisaa. Ili kukiangalia alipaswa kufunua kitambaa, na nyuma ya kitambaa palikuwa na goti la mama mkwe wake. Mkono ukabaki kwenye usukani. Kisha ikaja sauti ya nyundo ndani ya kapo, mara chache, na injini ikakwama palepale.

Mama Anastasie akashuka bila neno, akapanda mlima uliobaki kwa miguu, hakugeuka. Alimkuta kaka yake juu ya udongo.

Alasiri kamyo ya pamba ikaishusha motokari Baraka kwa kamba. Nilikuwa uwanjani kwa Bwana Nicolas pamoja na wapakiaji wa pamba, na Raphaël alikuwa amekwisha kuninong'oneza habari ya kikwembe. Bwana Nicolas akafungua kapo mwenyewe, akaingiza mkono, akatoa vidole vyeusi.

"Nati ya bomba la mafuta," akasema. "Ilikuja haijakazwa. Huko ilikotengenezwa. Si wewe."

Nikashusha pumzi. Lakini hakuwa amemaliza. Hakupiga kelele, na heri angepiga.

"Kisaa kilikuwa mbele yako. Ulikuwa unaangalia nini?"

Raphaël akatazama gurudumu.

"Bwana," nikaanza mimi, "kuna sababu, huyu mtu alikuwa..."

"Mwalimu, nyamaza," Raphaël akasema. Halafu akamgeukia mzungu: "Sikuangalia, Bwana."

"Shofere asiyeangalia si shofere."

Akanyoosha mkono, Raphaël akamwekea funguo.

Jioni nilikwenda kwake. Émilienne alikuwa Fizi kwenye kilio. Raphaël alikuwa amekaa mlangoni, sahani ya ugali mbele yake haijaguswa.

"Ungesema!" nikamwambia. "Nati haikuwa kosa lako, na kikwembe ni desturi yetu, Bwana Nicolas angeelewa!"

"Angeelewa nini? Kwamba nilijenga ukuta ndani ya motokari yake?" Sauti yake haikupanda wala kushuka. "Bapakiaji bangecheka mpaka Noeli. Jina la mama lingezunguka soko lote. Yeye apite wapi?"

"Watakupeleka kwenye pamba, Raphaël."

"Pamba iko pamba."

Nikamweleza kuhusu haki, kuhusu barua ambayo ningeiandika kwa msimamizi wa Leta, kuhusu siku zinazokuja. Alinisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesikiliza mvua. Nilipochoka akasema, "Asante, Mwalimu." Nikarudi kwangu. Nilingoja hasira inishike, haikuja. Nililala kama gogo.

Asubuhi yake, nikienda shuleni, nilimkuta monitere wa pamba, mpimaji wa mashamba, nyuma ya nyumba ya Raphaël na kamba yake ya kupimia. Kamba ilipita katikati ya maharage ya Émilienne. Hapakuwa na mtu wa kushika upande wa pili, kwa hiyo Raphaël alikuwa ameushika mwenyewe.

"Vuta," monitere akasema.

Akavuta.

"Rudi nyuma kidogo. Tena."

Akarudi nyuma, akakanyaga maharage, akachutama, akapigilia kigingi kwa jiwe.